Mtu wa Mita 345: Rekodi Tisa za Jason Taumalolo

Katika raga kuna wanaofunga na kuna wanaobeba. Anayefunga hupigwa picha akijirusha kwenye kona, mpira mkononi, uwanja mzima ukimshangilia. Anayebeba huupokea mpira katikati, mahali pasipo na upenyo, akijua kuwa watu watatu wenye miili kama yake wanamsubiri. Pengine atapata mita nane, pengine kumi. Kisha ataangushwa chini, atainuka, atarudi kwenye nafasi yake na kuuomba tena mpira.

Jason Taumalolo ni mbebaji. Alizaliwa Auckland, New Zealand, tarehe 31 Mei 1993, na wazazi wenye asili ya Tonga, ufalme wa visiwa katika Bahari ya Pasifiki ya Kusini. Alipokuwa bado kijana mdogo alihamia Townsville, mji wa joto kaskazini mwa jimbo la Queensland, Australia. Huko alisoma katika shule ya sekondari ya Kirwan, inayojulikana kwa kulea wachezaji, na huko huko akaingia katika klabu ya North Queensland Cowboys. Kwa muda wa zaidi ya mwongo mmoja jezi yake imekuwa tishio kwa kila safu ya ulinzi katika NRL, ligi kuu ya raga ya Australia.

Kabla hatujazihesabu rekodi zake, tuujue mchezo wenyewe. Wengi wetu tunaijua raga kwa timu za wachezaji saba au kumi na tano. Raga ya Taumalolo ni ile ya wachezaji 13, iliyozaliwa mwaka 1895 kaskazini mwa Uingereza, pale klabu za miji ya viwanda na migodi zilipojitenga na chama kwa sababu kilikataa wachezaji wao walipwe fidia ya siku za kazi walizokosa. Katika mchezo huu timu hupewa nafasi sita za kuangushwa ikiwa na mpira. Ikiangushwa mara ya sita, mpira unakwenda kwa wapinzani. Trai moja ni pointi nne, na mkwaju wa nyongeza ni pointi mbili. Hivyo kila mita ina bei. Timu ambayo mbebaji wake anapata mita kumi kila anapoangushwa hufika langoni mwa adui ikiwa na nafasi za kutosha za kufunga. Timu ambayo mbebaji wake anapata mita nne huishia kuupiga mpira mbali na kuomba heri.

Sasa tuzitazame rekodi zake, moja baada ya nyingine.

1. Mdogo kuliko wote: miaka 17 na siku 82

Agosti 2010, Cowboys walimpa nafasi ya kwanza katika timu ya wakubwa kijana aliyekuwa na umri wa miaka 17 na siku 82. Hakuna aliyewahi kuichezea klabu hiyo akiwa na umri mdogo hivyo.

Jambo hili lina uzito wake kwa sababu ya nafasi aliyocheza, ya fowadi wa katikati. Winga mwenye miaka 17 anaweza kuitegemea miguu yake na kukaa pembeni, mbali na msukosuko. Fowadi hana pa kujificha. Kazi yake ni kugongana na wanaume wa miaka 28 na 30, watu ambao mifupa yao imekomaa na ambao wanalipwa kumwangusha. Kwa kawaida mafowadi huiva polepole, na makocha huwahofia wanaoharakishwa, kwani bega linaloumia mapema huweza kumaliza safari kabla haijaanza.

Taumalolo hakuharakishwa kupita kiasi. Katika misimu iliyofuata aliingia na kutoka, akajifunza kupunguza makosa, akajifunza kutumia miguu yake kabla ya kutumia kifua. Hili la miguu ndilo lililowashangaza walinzi, kwani mtu wa zaidi ya kilo 110 hakutarajiwa kubadili mwelekeo kwa hatua moja fupi na kukwepa kama beki. Walimkabili wakiwa wamejiandaa kupokea kishindo, naye akawapita ubavuni.

2. Taji la kwanza la klabu, katika fainali ya kwanza ya aina yake

Cowboys waliingia ligi kuu mwaka 1995. Miaka yao ya mwanzo ilikuwa ya mateso: walishika mkia mwaka 1995, wakashika mkia tena mwaka 1997, na tena mwaka 2000. Mwaka 2005 walifika fainali na kufungwa na Wests Tigers. Watu wa Townsville waliishi na timu yao kama mtu anavyoishi na shamba la mawe: wanalima kwa sababu ni lao.

Tarehe 4 Oktoba 2015, mjini Sydney, mbele ya watazamaji 82,758, Cowboys walikutana na Brisbane Broncos. Ilikuwa fainali ya kwanza ya ligi hiyo kuzikutanisha timu mbili za Queensland pekee. Broncos, wakubwa wa jimbo, waliongoza 16-12 mpaka king'ora cha mwisho kinalia. Lakini king'ora hakimalizi mchezo mpaka mpira ufe. Michael Morgan alipenya na kuupenyeza mpira kwa Kyle Feldt, na Feldt akafunga kwenye kona. 16-16.

Nahodha Johnathan Thurston alikuwa na mkwaju wa kulitwaa taji papo hapo, kutoka ukingoni kabisa mwa uwanja. Mpira uligonga mlingoti na kurudi. Kwa mara ya kwanza katika historia, fainali ya NRL ikaingia muda wa pointi ya dhahabu, ambapo anayetangulia kupata pointi ndiye bingwa. Broncos wakaupoteza mpira mara tu ulipoanzishwa. Cowboys wakasogea mbele, Thurston akaudondosha mpira na kuupiga kati ya milingoti. 17-16.

Taumalolo alikuwa na miaka 22. Sifa za usiku ule ni za Thurston, Morgan na Feldt, na ni haki yao. Hata hivyo, ili mtu apige mkwaju wa ubingwa lazima wengine wamfikishe mahali pa kuupigia. Kwa dakika 80 na zaidi, katika kila seti ya nafasi sita, mtu wa kwanza kutafutwa alikuwa kijana yule wa Kitonga. Miezi michache baadaye, mwaka 2016, Cowboys walisafiri mpaka Leeds, Uingereza, na kuwalaza wenyeji Leeds Rhinos 38-4 katika pambano la klabu bingwa ya dunia.

3. Medali moja, shingo mbili

Medali ya Dally M hupewa mchezaji bora wa msimu wa NRL, kwa kura zinazopigwa baada ya kila mechi. Jina lake linatokana na Herbert Henry Messenger, aliyejulikana kama Dally, nyota aliyeiacha raga ya wachezaji 15 mwaka 1907 na kuipa nguvu raga ya wachezaji 13 ilipoanza Sydney.

Mwaka 2016 kura zilipohesabiwa, watu wawili walilingana kileleni: Cooper Cronk wa Melbourne Storm na Jason Taumalolo. Cronk alikuwa na miaka 32, mpangaji wa mchezo aliyewahi kuitwaa medali hiyo. Taumalolo alikuwa na miaka 23.

Ukitazama orodha ya washindi wa medali hii utaona imejaa wapangaji wa mchezo na mabeki wa nyuma. Hao ndio jicho linaowaona, kwa kuwa wao hugusa mpira pale matokeo yanapoamuliwa. Fowadi wa katikati kuingia katika orodha hiyo ni kama mpiga zumari kupewa tuzo ya mwimbaji bora. Ilibidi kazi yake iwe kubwa kiasi kwamba waamuzi wa kura, wiki baada ya wiki, washindwe kuipita bila kuitaja.

4. Miaka kumi kwa sahihi moja

Machi 2017, Cowboys walimfunga Taumalolo kwa mkataba wa miaka kumi, utakaokwisha mwaka 2027. Thamani yake ilitajwa kuwa takriban dola milioni 10 za Australia. Wakati huo ulitajwa kuwa mkataba mrefu kuliko wote katika ligi.

Wapo waliotikisa vichwa. Miaka kumi katika mchezo wa kugongana ni umri wa mtu na nusu. Goti moja likichanika mwaka wa pili, klabu itabaki inalipa deni la kumbukumbu. Ligi yenyewe ina kikomo cha mishahara, kwa hiyo kila dola anayolipwa mmoja inapunguza kinachobaki kwa wengine.

Lakini Townsville haikuwa ikihesabu dola peke yake. Mji ule uko zaidi ya kilomita 1,000 kaskazini mwa Brisbane, na Sydney, yenye klabu nyingi na kamera nyingi, iko mbali zaidi. Klabu za miji ya pembezoni hulea vijana kisha huwaona wakinunuliwa na miji mikubwa. Ule mkataba ulikuwa tamko kwamba mtoto aliyelelewa kaskazini atazeeka kaskazini. Naye, akiwa na miaka 23, wakati klabu yoyote ingemfungulia mlango, alitia sahihi. Unaweza kuukosoa mkataba kwa hesabu, lakini huwezi kumkosoa kwa uaminifu.

5. Kutoka nafasi ya nane mpaka fainali

Msimu wa 2017 ulimpima mapema. Thurston aliumia bega na kukosa sehemu kubwa ya mwaka. Nahodha mwenzake, fowadi Matthew Scott, naye alikuwa nje kwa jeraha la goti. Cowboys walimaliza mechi za kawaida wakiwa wanategemea wengine: kama St George Illawarra Dragons wangeshinda siku ya mwisho, wao wangekwenda likizo. Dragons wakafungwa, na Cowboys wakapenya katika nafasi ya nane, nafasi ya mwisho kabisa ya mtoano.

Kisha likatokea jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa limefanywa na timu moja tu, Parramatta Eels mwaka 2009. Timu ya nane ikaenda fainali. Cowboys waliwatoa mabingwa watetezi, Cronulla Sharks, 15-14 katika muda wa nyongeza. Wakawatoa Parramatta 24-16. Wakawatoa Sydney Roosters 29-16. Safari iliishia kwa Melbourne Storm, waliowapa kichapo cha 34-6 katika fainali.

Mbio zile ndizo zilizoonyesha maana ya mbebaji. Timu iliyokosa ubongo wake ilitegemea mabega. Michael Morgan alipanga mashambulizi, lakini kila shambulizi lilianzia kwa Taumalolo kuinamisha kichwa na kuingia katikati ya wapinzani. Kipigo cha fainali hakifuti wiki zile tatu.

6. Uamuzi mzito kuliko wote

Hapa tunafika penye moyo wa habari yetu.

Tonga ina watu wapatao 100,000 tu, na Watonga wengine wengi wanaishi New Zealand, Australia na Marekani. Ni taifa la Pasifiki ambalo halikuwahi kupoteza ufalme wake kwa mkoloni, na watu wake wanalijua hilo na kulitamba. Timu yao ya raga ya wachezaji 13 inaitwa Mate Ma'a Tonga, yaani kufa kwa ajili ya Tonga. Kwa miaka mingi jina lilikuwa kubwa kuliko matokeo. Watoto bora wa Kitonga walichezea New Zealand au Australia, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na malipo, makocha na vikombe. Tonga ilibaki na waliosahauliwa.

Taumalolo mwenyewe aliichezea Tonga katika Kombe la Dunia la 2013, pale walipofungwa na Scotland 26-24 na kushindwa kufika robo fainali. Mwaka uliofuata aliitwa na New Zealand, akavaa jezi nyeusi kwa miaka mitatu, akawa nguzo. Ndipo mwaka 2017, muda mfupi kabla ya vikosi vya Kombe la Dunia kutangazwa, akasema atarudi Tonga. Andrew Fifita, aliyekuwa akiichezea Australia, alisema vivyo hivyo. Wengine kadhaa waliowahi kuichezea New Zealand wakaifuata njia hiyo.

Sheria za mchezo ziliruhusu: mwenye asili ya taifa dogo anaweza kulichagua hata kama ameshachezea taifa kubwa. Lakini sheria kuruhusu hakuzuii lawama, na lawama zilikuja. Aliitwa msaliti na watu ambao wiki moja nyuma walikuwa wakimwita shujaa. Kwa kipato alijipunguzia, kwani taifa kubwa lina posho kubwa.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Taumalolo hakutoa hotuba ndefu. Alikwenda uwanjani.

Tonga waliwafunga Scotland, wale wale wa 2013, pointi 50-4. Wakawafunga Samoa 32-18. Tarehe 11 Novemba 2017, mjini Hamilton, wakakutana na New Zealand. Ngoma za vita za kabla ya mchezo, Haka ya wenyeji na Sipi Tau ya Watonga, zilikabiliana ana kwa ana, uwanja umefunikwa na bendera nyekundu. Mpaka mapumziko New Zealand waliongoza 16-2, na wengi walidhani ndoto imekwisha. Kipindi cha pili winga David Fusitu'a alifunga trai tatu. Tonga 28, New Zealand 22.

Usiku ule mitaa ya Otahuhu na Mangere, kusini mwa Auckland, iligeuka nyekundu. Magari yalitambaa huku watu wakiwa wameketi madirishani na bendera mikononi. Wazee waliohamia miaka ya nyuma kufanya kazi viwandani walicheza barabarani pamoja na wajukuu waliozaliwa ugenini. New Zealand hawakuinuka tena katika mashindano yale: katika robo fainali walifungwa na Fiji 4-2.

7. Pointi mbili zilizouma mara mbili

Rekodi nyingine ni za kuumiza, nazo zinastahili kuandikwa.

Katika robo fainali ya 2017 Tonga waliwatoa Lebanon kwa pointi mbili, 24-22. Nusu fainali ilichezwa Auckland tarehe 25 Novemba, dhidi ya England, mbele ya watu zaidi ya 30,000 ambao karibu wote walivaa nyekundu. Zikiwa zimebaki dakika saba, England waliongoza 20-0. Katika mchezo wowote huo ni mwisho.

Dakika zile za lala salama hazikulala. Tonga wakafunga trai ya kwanza. Wakafunga ya pili. Wakafunga ya tatu. 20-18. Sekunde za mwisho Fifita alipenya kuelekea mstari, mpira ukamtoka mkononi huku mlinzi akiwa amemshika, naye akaurudia na kuuweka chini. Refa akapuliza kwamba ulishapotea, wala hakuomba picha za marudio. Mchezo ukaisha. Mpaka leo ukimkuta Mtonga mwenye umri wa kukumbuka, atakueleza mkono wa mlinzi ulikuwa wapi.

Miaka mitano baadaye, tarehe 6 Novemba 2022, Tonga walikuwa England katika robo fainali ya Kombe la Dunia, mara hii wakikabiliana na ndugu zao wa Samoa mjini Warrington. Wakatolewa tena. Matokeo: 20-18. Makombe mawili mfululizo, milango miwili iliyofungwa kwa pointi mbili zile zile na kwa namba zile zile. Sijui timu nyingine iliyobeba jeraha linalofanana hivyo.

8. Waliowaangusha mabingwa wa dunia

Oktoba 2018 Australia na Tonga zilikutana kwa mara ya kwanza kabisa, katika uwanja wa Mt Smart, Auckland. Australia wakashinda 34-16. Wengi waliona ni somo la adabu kwa wadogo.

Mwaka mmoja baadaye Watonga walirudi. Kulikuwa na mgogoro katika uongozi wa chama chao, hata ikabidi wachezaji washuke uwanjani kwa jina la timu ya mwaliko. Tarehe 26 Oktoba 2019 waliwafunga Great Britain 14-6 mjini Hamilton. Wiki moja baadaye, tarehe 2 Novemba, walikutana na Australia katika uwanja wa Eden Park, Auckland. Tonga 16, Australia 12.

Ili kuielewa namba hiyo, rudi nyuma mpaka mwaka 1978, Ufaransa ilipoifunga Australia. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 40, timu pekee zilizowahi kuwaangusha Waaustralia zilikuwa New Zealand na zile za Waingereza. Vizazi vya wachezaji vilikuja na kuondoka bila mwingine kufanikiwa. Kisha visiwa vyenye watu wasiojaza viwanja viwili vya Sydney vikaweza, katika jaribio la pili tu.

Taumalolo alikuwa katikati ya kazi zote mbili. Alibeba.

9. Mita 345 mbele ya viti vitupu

Machi 2020 dunia ilikuwa inajifungia ndani kwa sababu ya korona. NRL ilicheza duru ya pili bila watazamaji, na siku chache baadaye ligi yote ikasimamishwa mpaka mwisho wa Mei. Katika duru hiyo Cowboys waliwafunga Canterbury Bulldogs 24-16.

Siku hiyo Taumalolo alikimbia na mpira mita 345. Hakuna fowadi aliyekuwa ameifikia namba hiyo katika mechi moja.

Uwanja wa raga hii una urefu wa mita 100 kutoka mstari wa trai mpaka mstari wa trai. Alichofanya ni sawa na kuuvuka uwanja huo mara tatu na karibu nusu ya mara ya nne, na mita chache sana kati ya hizo zilikuwa za kukimbia peke yake. Nyingine zote zilikuwa na watu juu yake: mmoja kiunoni, mmoja mabegani, mmoja miguuni. Mabeki wa nyuma hupata mita nyingi kwa kuurudisha mpira uliopigwa juu, wakiwa na nafasi ya kukimbia kabla hawajagongwa. Fowadi huupokea mpira hatua chache tu kutoka kwa ukuta. Kwa fowadi, mita 200 ni siku kubwa. Mita 300 zilionekana kuwa za mabeki.

Wala hakukuwa na kelele za kumsukuma. Hakukuwa na bendera nyekundu, wala ngoma, wala mama wa Kitonga anayeimba jukwaani. Kulikuwa na sauti ya miili ikigongana, na maelfu ya viti vilivyo kimya. Mtu anayefanya kazi yake kubwa kuliko zote wakati hakuna anayemshangilia amekuonyesha kwamba hakuwa akiifanya kwa ajili ya makofi.

Rekodi isiyo na namba

Miaka haimwachi mtu. Baada ya 2020 kocha mpya alimpunguzia dakika, ili nguvu zake zitumike kwa vipindi vifupi na vikali badala ya kuchomwa zote. Lilikuwa jambo gumu kwa mchezaji aliyezoea kubeba kila kitu, na lilizua maneno mengi. Lakini mwaka 2022 Cowboys walimaliza wa tatu na kufika hatua moja kabla ya fainali, wakatolewa na Parramatta 24-20 nyumbani Townsville. Aliyezoea kuwa nguzo peke yake alijifunza kuwa boriti miongoni mwa boriti.

Rekodi, kwa asili yake, ni za kupita. Atatokea kijana wa miaka 17 na siku 81. Utaandikwa mkataba wa miaka kumi na mmoja. Fowadi fulani, siku fulani, atakimbia mita 346. Hivyo ndivyo michezo inavyosonga, na Taumalolo hatapungukiwa na kitu.

Lakini lipo jambo moja ambalo haliwezi kuvunjwa, kwa sababu lilihitaji mtu wa kwanza. Kabla ya 2017, mtoto wa Kitonga mwenye kipaji aliambiwa, hata kama hakuna aliyelitamka, kwamba kufanikiwa ni kuivua jezi nyekundu. Mchezaji aliyekuwa kileleni kabisa mwa kazi yake, mwenye medali, taji na mkataba, aliivaa jezi hiyo kwa hiari, akalipa gharama yake, na kuwakuta wenzake wakimfuata. Novemba 2024 Tonga waliwafunga tena New Zealand, 25-24, kwa mkwaju wa pointi ya dhahabu wa kijana Isaiya Katoa, wakaingia fainali ya Pasifiki na kuwapa Australia kazi ngumu kabla ya kushindwa 20-14. Matokeo kama hayo hayaitwi tena miujiza. Yanaitwa Tonga.

Ukitaka kumtazama Taumalolo vizuri, siku utakapopata mechi yake usiufuate mpira unapokwenda kwenye kona. Mtazame yeye baada ya kuangushwa. Tazama anavyojiinua kutoka chini ya watu watatu, anavyorudi mita kumi nyuma, na anavyonyoosha mikono kuuomba tena.